Duka la Juu na Duka la Chini

4 Februari

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Baba Mkubwa, pamoja na redio yake ambayo nasikia siku hizi inashika stesheni moja tu na yeye ameridhika nayo. Mimi sijambo. Kikohozi kimeisha. Chumba ni kilekile, juu ya fundi wa kuchonga mihuri, na mwenye nyumba bado anagonga bomba akitaka nipunguze kelele, ingawa naishi peke yangu na kelele zenyewe ni zake.

Nakuandikia kwa mkono kama ulivyoagiza. Ofisini wananicheka. Mwenzangu kaniuliza kama nina mchumba gerezani. Nimemwambia huyu ni mteja wetu mpya, mama yangu mkubwa, anayesema neno la kwenye simu huwezi kulisoma mara ya pili.

Sasa kazi. Umeniambia unataka mfumo wa kompyuta wa kukodishia viti na maturubai. Kabla ya kuchagua chochote, kila mteja namuuliza maswali yaleyale: mtandao unakatika mara ngapi, nani atakuwa anaandika, na vitu vyenyewe vinakaa wapi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni hifadhidata moja ya maduka yote mawili, lako la juu na la mama la chini. Kiti kikitoka juu, chini wanaona papo hapo. Ya pili ni kila duka liwe na mashine yake na kumbukumbu zake. Kwa kuwa mna ghala moja alilowaachia Babu, mimi ningechagua ya kwanza hata usingizini.

Lakini mama kaniambia mwisho wa mwaka mnaenda kwa wakili kugawana ghala. Ni kweli? Yeye kasema tu kwamba siku moja ulimwita yeye "msaidizi wangu" mbele ya wateja, akachukua mkoba wake, akaenda kufungua duka kule chini ya mtaa. Zaidi ya hapo anafunga mdomo. Nauliza kwa ajili ya kazi, Mama Mkubwa, na pia kwa sababu nyinyi ndio niliobaki nao.

Mwanao,
Mdadisi


19 Februari

Mdadisi wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa, kisha nimemsomea Baba Mkubwa wako, akacheka hapo kwenye mihuri. Sisi hatujambo. Pacha wa binamu yako wameanza kutembea. Mmoja akienda mwingine anarudi, na mama yao ameacha kuuliza yupi ni yupi, anavuta aliye karibu. Ule mwandiko wako umeharibika kabisa. Herufi zimelala kama zimechoka, na wewe ndiye uliyefungua redio ya watu vipande vipande ukiwa hujaanza hata shule, ukairudisha ikaimba.

Nijibu maswali. Mtandao unakatika mvua ikinyesha, na isiponyesha unakatika pia. Atakayeandika ni karani wangu, kwa vidole viwili, lakini hakosei. Vitu vyote viko ghalani nyuma ya mtaa: viti vya plastiki, viti vya chuma, meza, maturubai, masufuria makubwa, na spika moja ambayo inakoroma. Funguo zipo mbili. Mimi naingia asubuhi, wa duka la chini anaingia mchana. Tunapishana vizuri tu, hatugongani.

Kuhusu wakili, ni kweli. Kuhusu siku ile na neno lile, siandiki.

Nataka mfumo wangu, mashine yangu na neno langu la siri. Nataka mwisho wa mwaka ukifika nibonye mahali nione vya duka la juu ni vipi, basi. Mwenye duka la chini akitaka wake mjengee. Ni mama yako, sikukatazi.

Kula vizuri. Mtu anayekohoa halafu anasema kikohozi kimeisha huwa hajaenda hospitali.

Mama yako mkubwa


6 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nilikwenda hospitali, usiniulize tena. Mhuri mmoja wa fundi wa chini umetoka na kosa wiki hii, mteja akakataa kuuchukua, kwa hiyo ninao mimi. Unasema "Imepokelewa" lakini umegeuka kushoto kulia. Naupiga kwenye bahasha zako usijisikie vibaya.

Mama naye nimemuuliza. Amejibu kama wewe, karibu neno kwa neno, mpaka nikashuku mmeandikiana. Mashine yake, neno lake la siri, vitu vyake. Basi nimejenga mbili. Kila duka litakuwa na hifadhidata yake, na kila jioni mtandao ukiwepo zitapeana habari za siku: juu wametoa nini, chini wametoa nini, ghalani kimebaki nini. Kwa hiyo mashine zitakuwa zinasalimiana hata kama wenyewe hawasalimiani.

Nataka ujue kwamba kama mtu wa kazi hii nisingechagua hivi. Ghala moja lenye kumbukumbu mbili ni kazi ya kujitakia. Ila niliona nikikataa mtaita mtu mwingine, awauzie mfumo ambao hautapeana habari kabisa, na mwisho wa mwaka wakili atakuta kila kitu kimeshajigawa chenyewe. Nimechagua afadhali.

Mwenzangu ndiye atakuja kufunga mashine. Nasema nina kazi ya duka la vipuri siwezi kuondoka, na kazi hiyo ipo kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nikija sijui nilale kwa nani. Nikilala kwako mama atanyamaza mwezi mzima. Nikilala kwake, wewe utaniandikia barua fupi. Bora nibaki huku nigongewe bomba.

Mwanao,
Mdadisi


30 Aprili

Mdadisi,

Marahaba. Samahani kwa kukawia. Huu ndio msimu wa sherehe na sote tumekuwa tukilala na vumbi la maturubai nywelini. Baba Mkubwa wako amepata miwani mipya, sasa anaona makosa yangu yote. Pacha wamejifunza neno "hapana", na wanalitumia wote wawili kwa wakati mmoja.

Yule mwenzako ni mtu mzuri, anakula vizuri, na alifunga mashine bila kubomoa ukuta. Mfumo unafanya kazi. Risiti zinatoka safi, zina picha ya kiti pale juu, wateja wanazipenda, hata wasiodaiwa kitu wanaomba. Karani wangu sasa anatumia vidole vinne.

Utani wako wa mashine kusalimiana nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza sikucheka. Ya pili nilikuwa peke yangu, kwa hiyo haihesabiki.

Jioni napenda kufungua ile sehemu ya kuonyesha duka la chini limetoa nini. Ni kwa ajili ya kazi. Ijumaa wametoa maturubai manne, na mwenye duka namjua, huwa hamwachii mtu kamba, anazikaza mwenyewe, na mgongo wake ule. Simaanishi kitu. Nasema tu mashine imeonyesha.

Sasa nina lalamiko. Chini ya kila oda umeweka kisanduku cha maelezo, ni kidogo mno. Wa duka la chini aliandika humo kwamba viti vya bluu vinayumba miguu, tusivitoe kwa watu wazito. Ni jambo la maana, nikaona nimjibu. Nikaandika kwamba nimeona, na kwamba vile vya bluu havikuwa hivyo kabla ya yeye kuvipeleka kwenye ule uwanja wa kokoto, lakini si kitu, fundi wa kuchomelea atakuja. Mashine yako ikakata baada ya kokoto. Ikaonekana nimeanza ugomvi. Kiongeze hicho kisanduku.

Mama yako mkubwa


12 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kisanduku nimekiongeza. Sasa unaweza kuandika humo barua nzima, na sitauliza mnaandikiana nini. Mama naye alikuwa amenipigia kuomba jambo hilohilo siku mbili kabla ya barua yako. Alisema ni kwa ajili ya kazi.

Huku tumepata kazi mpya, shule ya udereva. Wana magari matatu na walimu saba, na kila mwalimu anataka gari lilelile jekundu kwa sababu klachi yake ni laini. Nimewachagulia hifadhidata moja bila kumuuliza mtu anamnunia nani. Nilifurahi siku nzima, kisha nikawakumbuka nyinyi nikaacha kufurahi.

Wakili bado mnamhitaji? Nauliza tu.

Mwanao


14 Juni, Alhamisi

Mdadisi,

Leo salamu zangu ni fupi. Tu wazima.

Watu wa maji walikuwa wanachimba barabara wakakata waya, tukakaa siku kadhaa bila mtandao. Jana jioni umerudi. Leo asubuhi karani wangu ananiita, oda ya msiba wa Jumamosi haipo. Viti vyote vya chuma na maturubai mawili, nilivyoviandika Jumatatu kwa mkono wangu, vimefutika. Mahali pake ipo oda ya duka la chini, mahafali ya chuo cha ushonaji, Jumamosi hiyohiyo, viti vilevile.

Aliyefiwa alikuja hapa akiwa ameshikwa na mwanawe kwapani. Nilimpa mkono, nikamwambia asiwaze habari ya viti. Unajua neno langu katika mtaa huu likoje.

Kinachoniuma si viti. Nilikuwa nimeanza kumwandikia mle kisandukuni habari za mgongo wake, kwamba yule mwanamke wa sokoni ana mafuta mazuri ya kuchua, na yeye alinijibu kwamba atayajaribu. Nilifungua mashine kila jioni kama mtu anayesubiri simu. Kumbe mwenzangu alikuwa ananizoea ili apate pa kupitia.

Nimempigia wakili. Mwisho wa mwaka ni mbali, tutagawana mwezi ujao. Nitakuomba unitolee orodha ya vyangu.

Mama yako mkubwa


18 Juni

Mama Mkubwa,

Barua yako imenifikia leo Jumatatu, na Jumamosi imeshapita. Nimepiga simu duka la juu, haikupokelewa. Nimepiga la chini, haikupokelewa. Nimepiga tena zote mbili. Kwa hiyo naandika, na nitaipeleka mwenyewe kwenye basi la usiku ili isilale posta.

Mama hakufuta oda yako. Mimi ndiye niliyeifuta.

Nieleze taratibu. Mtandao ulipokatika, kila mashine ilibaki na habari zake. Yako haikujua kwamba mama ametoa viti kwa mahafali, na ya mama haikujua habari za msiba. Kila mmoja wenu aliambiwa na mashine yangu kwamba viti vipo, mkaandika kwa haki kabisa. Mtandao uliporudi, mashine zikakutana na oda mbili juu ya viti vilevile. Hapo lazima kuwe na kanuni ya kuamua. Kanuni niliyoweka mimi inasema iliyoandikwa mwisho ndiyo ibaki, na nyingine iondoke kimya. Wewe uliandika Jumatatu, mama akaandika Jumanne. Ndiyo sababu. Ingekuwa mama ndiye wa kwanza, yake ndiyo ingefutika, na saa hizi ningekuwa nasoma barua ya aina hii kutoka kwake.

Kanuni hiyo niliinakili kutoka mfumo wa kliniki ya meno. Kule kuna daktari mmoja na mpokea wageni mmoja, haijawahi kumdhuru mtu. Sikukaa nikajiuliza itakuwaje kwa watu wawili wenye ghala moja wasioweza kupaziana sauti mtaani wakaulizana, "Vile vya chuma umetoa?" Nilijua hamsemeshani. Nikaujenga mfumo kwa namna ya ugomvi wenu badala ya kuujenga kwa namna ya ghala.

Mkitaka kugawana kwa sababu zenu, hilo ni lenu. Lakini msigawane kwa sababu ya kosa langu, nakuomba sana. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa jambo lolote la kazi.

Na kama bado mnanitaka, naomba nirekebishe. Mashine moja, iwekwe ghalani, na waya utoke hapo kwenda duka la juu na duka la chini. Mtaa ni mmoja, hatuhitaji mtandao wa mbali kwa kazi ya kila siku. Mtandao tutautumia kutunza nakala tu, usiku. Ukikatika, ninyi hamtajua hata kama umekatika. Kiti kikiandikwa juu, chini hakiandikiki tena.

Lipo jambo moja siwezi kuliamua. Hifadhidata moja inataka mtu mmoja awe na funguo kuu, yaani ndiye pekee anayeweza kufuta oda, wengine wote waandike na kusoma tu. Kwa wateja wetu huwa ni mwenye biashara, tunaandika bila kuuliza. Kwenu sijui niandike nani. Nimeliacha wazi.

Mdadisi


2 Julai

Mdadisi wangu,

Marahaba, ingawa barua yako ilikuja bila shikamoo. Nimeitikia hivyohivyo, nilijua ulikuwa kwenye hali gani. Sote tu wazima, na simu hazikupokelewa kwa sababu siku ile wote tulikuwa ghalani tunaanika maturubai.

Nikueleze tangu mwanzo. Ijumaa mchana niliingia ghalani saa isiyo yangu, nikamkuta mama yako anapanga viti vya chuma. Nikamwambia hivi ni vya msiba. Akasema ni vya mahafali. Nikatoa risiti, naye akatoa yake. Zote mbili nzuri, zote mbili zina picha ya kiti. Tukasimama pale kama watu wanaosubiri basi lisilokuja. Kisha akauliza, "Wanazika saa ngapi?" Nikamwambia saa nne. Akasema mahafali ni saa tisa. Kila mmoja aliona kwamba inawezekana.

Jumamosi tulipakia wote. Tulisemeshana maneno ya kazi tu: inua, shusha, hicho kimepinda kiweke pembeni. Mazishi yalikuwa na tope, viti vikarudi vimechafuka mpaka mgongoni, na chuo cha ushonaji kina wahitimu wa kuvaa nyeupe. Tukavifutia ndani ya lori likiwa linatembea. Nilimwona anainama, nikamnyang'anya ndoo, nikamwambia afute vya juu, miguu ya viti nitafuta mimi. Akaniachia. Mahafali yalianza kwa wakati na hakuna gauni lililochafuka. Jioni tulifunga ghala, kila mtu akashika njia yake bila kuagana.

Nisikufiche, bado niliamini amenifutia. Kufanya kazi na mtu ni jambo moja, kumwamini ni lingine.

Barua yako ilinikuta dukani asubuhi. Niliisoma nimesimama. Nilipofika pale uliposema mimi ndiye niliyeifuta, nikamwachia karani duka, nikashuka mtaa. Tangu alifungue duka lile sikuwahi kukanyaga kizingiti chake. Funguo zake amezitundika kwenye misumari kwa ukubwa, kuanzia kushoto, kama ninavyotundika mimi. Alikuwa na wateja wawili. Nikaanza kumsomea barua yako kwa sauti, tangu juu mpaka chini, mbele yao, hata pale unaposema unaogopa. Nilipofika katikati nikasimama kuvuta pumzi. Yeye akanyanyuka akaniletea maji, akasema, "Endelea, dada."

Nilipomaliza alicheka mpaka akashika mgongo. "Mtoto ndiye kafuta," akasema, "na mama ndiye kashtakiwa." Wateja nao wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, "Na wewe uliamini kwamba ni mimi?" Nikavuta kiti nikakaa. Naye hakuniuliza tena, akawahudumia wateja wake, nami nikamshikia kamba ya kupimia turubai. Nilikaa kwake mpaka jua likatua. Moyo wangu ulikuwa mwepesi, mwanangu, sijui nikuandikieje.

Wakili nimemwambia tumeghairi. Amekasirika kidogo, lakini yeye ana watu wengine wanaogombana.

Mfumo tunautaka hivyo ulivyoueleza, mmoja, na mashine ikae ghalani karibu na mlango ambapo hapavuji. Njoo uufunge mwenyewe, usimtume mwenzako. Mama yako anasema vivyo hivyo, na anakusalimu sana. Yuko hapa mbele yangu anachambua karanga na kujifanya hasomi ninachoandika.

Sasa swali lako la funguo kuu. Nimelifikiria zaidi ya nilivyotarajia, na hili namwomba asilisome mpaka bahasha ifungwe. Mwandike mama yako. Yeye pekee ndiye awe na uwezo wa kufuta. Na siku nikitaka oda ifutwe, nitashuka mtaa nikamwombe.

Mama yako mkubwa